Mashine Inayoenea Kichwani

Ubavuni mwa injini ya pikipiki nyingi za Kichina zinazozunguka mikoani kwetu pamegongwa herufi na tarakimu ambazo wenye pikipiki hawana habari nazo: 156FMI. Zinasomeka kirahisi. 1 ni idadi ya silinda. 56 ni upana wa silinda hiyo kwa milimita. F inasema injini inapozwa kwa hewa, M inasema ni ya pikipiki, na I inataja daraja la sentimita za ujazo 125. Ukikuta 162FMJ, ujue silinda ina upana wa milimita 62 na daraja ni 150. Anayeyajua hayo ameshaifahamu injini yake kuliko wengi wanaopita na magari ya kifahari wanavyozifahamu za kwao, na bado hajashika hata spana.

Ninaishi Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoachana na barabara kuu na kuanza kuupanda mlima wa Usambara, na pikipiki yangu ni ya ukoo huo wa 156FMI. Watu huisifu pikipiki ndogo kwa bei yake na kwa jinsi inavyonusa tu mafuta badala ya kuyanywa. Sina ubishi nao. Ila ninachoipendea zaidi ni kwamba inaenea yote kichwani mwa mtu mmoja. Haina kisanduku kilichofungwa ambacho hakisemi neno mpaka ije kompyuta. Petroli inashuka yenyewe kutoka tangini hadi kwenye kabureta, inavutwa pamoja na hewa, inawashwa na plagi, inasukuma pistoni, moshi unatoka, basi. Mtoto wa darasa la saba anaweza kukuchorea mzunguko huo mchangani kwa kijiti. Kuuchora ni rahisi. Shughuli ni kuusikia unapoanza kwenda kombo.

Ukoo wenyewe una historia ambayo sichoki kuisimulia kijiweni, hata wanaonisikiliza wakichoka. Injini hizi za Kichina zilinakiliwa kutoka Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na pikipiki ndogo nzuri zenye kemshafti juu ya kichwa cha silinda, ikizungushwa na mnyororo. Kule Japani zilidumu. Lakini katika nchi ambako pikipiki ilibeba ukoo mzima na magunia juu, na oili ikakaa ndani mpaka ikawa lami, kemshafti ile ya juu ililika upesi, maana pale juu ndipo oili mbovu inapofika kwa shida. Wahandisi wangeweza kuchapisha kijitabu kinene zaidi cha kuwakemea wateja. Badala yake waliishusha kemshafti chini, karibu na krenki, wakaizungusha kwa gia, na vali wakazisukuma kwa fito mbili ndefu. Tena kemshafti yenyewe wakaipa nundu moja tu, inayofungua vali ya kuingiza hewa na ile ya kutoa moshi. Ilikuwa kana kwamba wanarudi nyuma kiufundi, na waliobobea katika mbio za pikipiki waliweza kucheka. Lakini mpaka leo Pakistan wanaendelea kuunda CG125.

Wenye Boxer na TVS za Kihindi hunitania kwamba natembelea kinu. Wana haki yao: za kwao, zenye kemshafti juu, zina utulivu zaidi na zinakula mafuta kidogo zaidi. Mimi huwajibu kwamba za kwao zinataka mwenye adabu. Hiyo CG inasamehe, na hapo ndipo balaa lake lilipo, kwa sababu kwetu mashine inayosamehe huonewa.

Kuonewa huko huanza siku ya kwanza. Pikipiki inatoka dukani ikiwa na nailoni kwenye kiti, jioni imeshapakia mshikaki wa watu watatu kuelekea Soni, gia ya pili, resi mpaka mwisho. Ndani ya injini mpya kuna jambo ambalo mwendo huo unaliharibu. Ukuta wa silinda hauachwi ukiwa laini kabisa kiwandani. Huchorwa mistari myembamba inayokatana, ili oili ishike ndani yake. Ringi za pistoni nazo bado hazijalingana na ukuta huo. Kilomita za mwanzo ndizo zinazozilinganisha hizo mbili: vilele vidogo vya chuma vinasuguliwa mpaka ringi inakaa sawasawa na kuziba. Ukiibana injini wakati huo kwa mzigo na resi ndefu, joto linapanda pale panaposuguana, oili inakatika, na ukuta unachubuka michirizi ambayo haitafutika mpaka silinda itobolewe upya.

Wapo pia wa upande wa pili, na hawa husifiwa bure. Ni wale wanaoilea pikipiki mpya kwa kuiacha ingurume imesimama nusu saa kila asubuhi, kisha kuiendesha polepole kwa mwendo mmoja hadi kilomita elfu. Ringi hubanwa ukutani na mgandamizo wa gesi inayoungua, siyo na springi yake tu. Injini isiyopewa kazi kabisa haizibani vya kutosha, na oili inaungua juu ya ukuta na kuacha utando unaong'aa unaoifukia ile mistari. Baada ya hapo pikipiki itakula oili maisha yake yote na mwenyewe atalilaumu duka.

Chungu kipya hakitiwi moto mkali, wala hakiwekwi kabatini kikaitwa kimekomaa. Kinachotakiwa ni mwendo wa kubadilika: ongeza kidogo, achia, ongeza tena, gia ya juu isilazimishwe kuvuta mlima, mtu mmoja mgongoni mwa pikipiki, na mapumziko baada ya kipande kirefu. Vijitabu vingi vya pikipiki za daraja hili vinaweka kikomo cha mwendo katika kilomita 1,000 za kwanza na kutaka oili ya mwanzo imwagwe mapema, kwenye mamia ya kwanza ya kilomita. Nawashauri wanaonunua wamwage wenyewe, mchana, juani. Oili hiyo ina vumbi la chuma linalometameta. Ukiliona kwa macho yako hutahitaji tena mtu wa kukuhimiza.

Kwenye oili naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo pesa ndogo inapoua pesa kubwa. Injini ya CG inapokea kama lita moja tu. Lita hiyo inalainisha pistoni, inalainisha gia, na klachi nayo inaogelea humohumo. Gari la kawaida halina mpangilio huo. Oili ya injini yake haikutani na klachi. Kwa hiyo oili nyingine za kisasa za magari zinatiwa dawa za kupunguza msuguano, na sahani za klachi zinaishi kwa msuguano. Ukizitia kwenye pikipiki, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Tangu mwaka 1998 Wajapani wana alama yao, JASO MA, inayochapwa kwenye chupa ya oili inayoifaa klachi ya namna hii. Ni herufi ndogo nyuma ya chupa, na si wengi wanaoigeuza chupa. Oili ya kupima, ile inayotoka kwenye pipa na kuingizwa kwenye chupa ya maji, haina nyuma wala mbele.

Kuna fundi mmoja hapa kwetu, mtu mzima, anafanya kazi chini ya mwarobaini akiwa na spana tano, bisibisi mbili na kibamba chembamba cha kupimia. Nampenda kwa maswali yake. Kijana wa bodaboda anakuja mbio:

"Shikamoo fundi. Pikipiki imeishiwa nguvu, nadhani kabureta."

"Marahaba, mwanangu. Zima kwanza. Oili umemwaga lini?"

"Siku si nyingi, fundi."

"Siku si nyingi za nani?"

Kisha anatoa plagi na kuitazama kabla ya kugusa kitu kingine. Ncha ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, uunguaji uko sawa. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, petroli inazidi hewa, na mara nyingi dawa yake ni kukung'uta chujio la hewa, wala si kununua kabureta. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, hapo ringi au vali zina habari mbaya. Ikiwa nyeupe, hewa inazidi na kichwa kinaungua. Uso huo wa plagi una ukubwa wa punje, na fundi anausoma bila kuuliza bei ya chochote.

Baada ya plagi huja nafasi ya vali. Kwenye CG ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, kibamba kipite kwa kukwaruza kidogo. Watu wengi huogopa mlio wa "ti-ti-ti" pale juu, humwambia fundi aubane mpaka unyamaze. Akikubali, vali haitafunga kabisa injini ikipata moto, na vali isiyofunga huungua midomo. Fundi wa chini ya mwarobaini hakubali. Mlio mdogo, anasema, ni salamu, hofia ukimya.

Mlima nao ni mwalimu wa pili. Mombo iko chini, Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na katikati ni kama kilomita 33 za kona. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua huku kabureta ikiendelea kumimina petroli kama iko bondeni. Hivyo pikipiki iliyorekebishwa vizuri Mombo itatoa plagi nyeusi kidogo ikiishi Lushoto. Wa kule juu huisogeza sindano ya kabureta chini kwa ngazi moja na maisha yanaendelea. Tatizo kubwa liko kwenye kushuka. Vijana huweka fri ili kuokoa mafuta, pikipiki ikaserereka na gunia la viazi, na breki za ngoma zikabeba kila kitu mpaka zikanuka. Injini iliyo kwenye gia ya pili, resi ikiwa imeachiwa, ni breki isiyochemka. Mafuta wanayookoa kwa fri hayafikii hata bei ya lainingi moja.

Kwenye mlima huo ndipo yanapoanzia mabadiliko yenye akili. Chukua pikipiki yenye sproketi ya meno 15 mbele na 42 nyuma. Ukifunga ya meno 45 nyuma, nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa asilimia 7, na kwa mzunguko uleule wa injini uliokuwa ukikupa kilomita 70 kwa saa utapata 65. Unaweza kupata matokeo hayohayo kwa kupunguza jino moja tu mbele, kutoka 15 hadi 14, na ni rahisi kwa bei. Lakini cheni inajikunja zaidi kwenye duara dogo na kuisha mapema, ndiyo maana mafundi waangalifu huanza na ya nyuma. Sijui badiliko jingine la pikipiki ambalo hesabu yake ni ya darasani kiasi hiki, na unaihisi kwenye kona ya kwanza ya mlima.

Keria ina hesabu yake pia, ingawa hakuna anayeipiga. Wachomeleaji hupenda kuirefusha nyuma ili iingize tenga la tatu. Uzito wote unaopita ekseli ya nyuma unainua gurudumu la mbele, na kwenye mpando pikipiki inakuwa haina usukani. Wabeba kabichi wa Lushoto wenye uzoefu hutundika matenga ubavuni, chini, yakiwa yamesogezwa mbele kadiri miguu ya dereva inavyoruhusu. Haipendezi machoni. Inapita kona. Shokapu za nyuma hukazwa pete zake kwa mzigo huo na hulegezwa siku ya mapumziko, na anayesahau kuzilegeza huambiwa na kiuno chake.

Bampa ya mbele naikubali, imeokoa miguu mingi. Kinga ya matope iliyorefushwa kwa kipande cha mpira wa tairi naikubali kabisa, na hata maneno yanayoandikwa juu yake. Lakini eksozi iliyotolewa moyo siielewi. Kijana anatoboa ndani ili pikipiki ya 125 ipige kelele za 400, anapoteza nguvu ya chini ambayo ndiyo aliyoihitaji mlimani, mchanganyiko unakosa petroli, plagi inakuwa nyeupe, na mtaa mzima unajua saa aliyorudi kwake. Nimemuuliza mmoja anapata nini. Akaniambia abiria wanamsikia akija. Nikakosa jibu, maana ni kweli wanamsikia.

Mabadiliko mazuri yana sifa moja: yanarudishika. Ndiyo maana kwa fundi wetu zipo sproketi za zamani zimetundikwa kwa waya kwenye shina la mwarobaini, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe kwa chaki. Pikipiki ya mlimani ikiuzwa kwa mtu wa Korogwe, ambako ni tambarare, meno 45 yatamkera siku ya kwanza tu barabara kuu. Atashuka na bei, akidai injini imechoka. Muuzaji aliyeitunza ile ya meno 42 humwomba asubiri dakika ishirini, akamwita fundi.