Kipimo Kimoja: Hotuba ya Nyerere Kuhusu Uraia, 1961

Katika mjadala wa Muswada wa Uraia wa Tanganyika, Oktoba 1961, Julius Nyerere aliwakabili baadhi ya wabunge wa chama chake, TANU, waliotaka uraia ufuate rangi. Nguvu ya hotuba yake haikutokana na madoido ya lugha. Aliwapima wenzake kwa kipimo kilekile walichowapimia wakoloni, kisha akaiweka serikali yake rehani: muswada ukikataliwa, ingejiuzulu. Hoja ambayo msemaji yu tayari kuigharamia huaminika. Hata hivyo, ushawishi wa namna hiyo huhitaji ukumbi ambamo hoja hujibiwa. Nchini Uganda, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, bunge lilikwisha kuvunjwa. Treni ziliwapitisha baadhi yao Tororo kuelekea Mombasa pasipo mjadala wowote.