Fundi Asiyekimbilia Kuwasha

Ukimpelekea fundi kompyuta yenye ushahidi wa kesi, achana na maneno yake, mtazame mikono. Akibonyeza kitufe cha kuwasha ili "tuone kuna nini", mshukuru, chukua mashine yako uondoke. Windows ikiwaka tu huanza kuandika kwenye diski: tarehe za mafaili hubadilika, na nafasi ya faili lililofutwa, pengine lile lile unalolitafuta, inaweza kukaliwa na kitu kingine.

Fundi wa kweli huanza na kalamu. Nilikaa na mmoja Kariakoo, nusu saa nzima hajagusa bisibisi. Aliipiga laptopu picha pande zote, akaandika saa aliyoipokea, akanitaka nisaini. Alipoichomoa diski alinakili namba ya lebo tarakimu kwa tarakimu, akaichomeka kwenye kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika. Akatoa nakala ya diski nzima, biti kwa biti, hata sehemu zinazoonekana tupu, maana humo ndimo vilivyofutwa hukaa. Kisha akapiga hesabu ya SHA-256 ya diski na ya nakala: mistari miwili ya herufi na tarakimu 64, akaisoma kwa sauti, ikalingana. Ukigeuza biti moja tu, mstari wote hubadilika. Diski akaifunga kwenye bahasha yenye lakiri. Kazi yote akaifanya kwenye nakala. Kazi nzuri ya namna hii inapendeza kuitazama kama useremala wa mlango wa Zanzibar.

Anayeahidi kurudisha kila kitu mwogope. Diski ya sahani hutunza kilichofutwa mpaka nafasi yake iandikwe upya, lakini SSD ikishapewa amri ya TRIM, inayoiambia nafasi ipi haitumiki tena, hujisafisha yenyewe, hata kama imewekewa umeme tu. Na diski inayolia tik-tik isiwashwe tena: kichwa kinaweza kuikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi.

Muulize kama amewahi kuhojiwa kizimbani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 kinaitaka mahakama ipime data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama imebaki salama. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia cheti cha kuithibitisha rekodi ya kielektroniki. Ripoti asiyoielewa hakimu haijamsaidia mteja.

Kwa wakili anayenunua kompyuta: chagua ambayo diski yake inachomoka, si iliyochomelewa kwenye ubao. Ya mtumba, mwambie muuzaji afungue taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ya diski, mbele yako. Tazama saa ilizowaka: saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka mfululizo. Sekta mbovu zikiwa zimeanza kuhesabiwa, iache. Na siku ile ile chapisha ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski, tarakimu 48, uuweke kabatini pamoja na hati za wateja. Bila huo, hata yule fundi wa Kariakoo atakurudishia bahasha yako.