Sanaa ya Kuusia Wana

Kando ya Barabara ya Morogoro, hapo Manzese, nyuma ya vichanja vya wauza mitumba ambao sauti zao za kunadi hazikomi tangu asubuhi hata jioni, hukaa mzee mmoja fundi wa kujalidi vitabu, ambaye mali yake yote ni shazia moja, uzi uliopakwa nta, kopo la gundi ya unga aliyoipika mwenyewe na ubao wa kukandamizia, na ambaye kwa vitu hivyo vichache huitengeneza misahafu iliyopukutika, juzuu za watoto wa madrasa, vitabu vya nyimbo vya wanakwaya na madaftari ya madeni ya wenye maduka. Nilimpelekea daftari la marehemu shangazi yangu, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nikaketi kwenye benchi lake kumtazama. Aliukata uzi mkongwe bila ya kuuvuta, akazipanga karatasi fungu kwa fungu, akaufuta vumbi kila ukurasa kwa pamba, na kabla ya kupitisha shazia alisoma mistari michache kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza, “Huu si wasia wa mama kwa mwanawe?” Nikamjibu kuwa ndivyo, bibi yangu alimwandikia shangazi alipokuwa anaolewa, na shangazi naye akaongeza beti zake kwa ajili yetu. Akasema kwamba zamani, ikifika Mfunguo Mosi na harusi zikaanza, alikuwa akiletewa madaftari ya namna ile ayashone yapate kukabidhiwa maharusi, na kwamba sasa haletewi. Hakuongeza neno, akaendelea na kazi yake.

Kauli ile ndiyo iliyonitia azma ya kuandika haya. Kumuusia kijana ni kazi ya ufundi, wala asiyepata kuijaribu asidhani kuwa ni maneno tu. Mwenye kuusia sharti amjue yule anayeusiwa, ajue hasira zake zaanzia wapi na hofu zake zaishia wapi. Sharti achague machache katika mengi aliyoyaona duniani, kwa kuwa kijana hubeba machache. Na baada ya kuchagua, sharti ayatie katika lugha itakayobaki kichwani siku ambayo yeye mwenyewe hayupo tena. Wazee wetu wa pwani waliifanya kazi hiyo kwa utenzi, na hawakuuchagua kwa kupenda mapambo. Ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani nane, mitatu ya kwanza ikikutana kwa kina kimoja na wa nne ukishika bahari ileile tangu mwanzo hata mwisho, ni kitu kinachojilinda chenyewe: neno likipotea, mizani hupungua na sikio hujua.

Katika mafundi wa kazi hii, nani wa kumtangulia Mwana Kupona binti Mshamu? Alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said. Na mume alipokwisha kufariki, naye mwenyewe yu hoi kwa maradhi, mwaka 1858 alimwita binti yake Mwana Hashima, akamtaka alete wino na karatasi, aketi karibu naye. Tazama, ewe msomaji, jinsi alivyoanza. Hakuanza kwa amri, wala hakutaja makosa ya mtoto. Alianza kwa kumketisha. Kisha humo humo katika mambo makuu ya dini, ya ukweli wa ulimi na ya wema kwa jamaa, akayaingiza ya usafi wa nyumba, ya manukato, ya mavazi na ya jinsi ya kuingia mbele za watu, bila ya kuona kuwa hili ni kubwa mno na lile ni dogo mno, kwa sababu mama ajuaye kuwa siku zake zahesabika hana nafasi ya kutenga makubwa na madogo. Yapata mwaka 1860 alifariki. Utenzi wake wanawake wa Lamu na visiwa vyake waliuchukua kwa moyo, hata mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipoutoa chapa Uingereza ulikuwa umekwisha kukaa katika vifua kwa zaidi ya miaka sabini.

Mimi si katika wanaotaka binti wa leo aushike kila ubeti kama ulivyo. Yaliyosemwa humo juu ya watumwa yamekwenda na zama zake, na heri yamekwenda. Na katika yaliyosemwa juu ya mume yamo mengi ambayo binti wa Manzese anayetoka kazini saa moja usiku atayahoji, naye ana haki ya kuhoji. Lakini ahoji akiwa ameyasoma. Mama yule hakuandika kwa ajili ya ulimwengu. Aliandika kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekuwa na jina, na kwa sababu hiyo hasa ulimwengu umenufaika.

Mwenzake katika karne iliyofuata ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, karani wa forodha, mtu aliyefiwa na mke akabaki na wana wa kulea. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, akamtungia mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, na tendi zote mbili zikaingia katika habari za maisha yake mwenyewe, mahali zinapostahili kuwa, kwa kuwa kwake yeye kulea na kuandika vilikuwa jambo moja. Nani asiyeona kuwa Adili wa hadithi ya Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, mtu aliyewajibishwa kuwapiga ndugu zake waliogeuzwa manyani huku moyo ukimuuma, ni wasia uleule umevaa kanzu ya ngano?

Tusidhani kuwa sanaa hii ilikuwa yetu peke yetu. Waingereza nao walikuwa nayo, tena kwa wingi. Mwaka 1532 walikwisha kuwa na tafsiri ya kitabu kidogo ambacho Erasmus alikiandika kwa Kilatini miaka miwili kabla, cha kuwafunza wavulana adabu za mwili, hata namna ya kufuta pua. Mwaka 1688 Halifax, waziri mkubwa wa zama zake, alimtolea bintiye Elizabeth kitabu cha nasaha kiwe zawadi ya mwaka mpya. Na Elizabeth huyo akaja kumzaa yule Chesterfield aliyemwandikia mwanawe barua kwa miaka mingi, akimfunza jinsi ya kusema, kucheka, kuingia barazani na kupendeza wakubwa. Mwana alitangulia kufa, mwaka 1768, na mwaka 1774 mjane wa mwana huyo akazichapa barua zile. Nimezisoma kwa taadhima, kwa kuwa nasaha iliyotoka kwa babu ikapita kwa mama ikafika kwa mjukuu ni jambo la kuheshimiwa popote; walakini sikuweza kuzipenda kama ninavyowapenda wetu. Chesterfield alitaka mwanawe apendeze ili apate cheo. Shaaban Robert alitaka wanawe wawe wema hata kama cheo hakiji, na mizani yangu mimi inalalia huku.

Sasa nirejee kwenye daftari la shangazi, na humo nirejee kwenye beti tatu tu, ambazo zahusu hodi. Asiyeijua nyumba ya Manzese huenda akashangaa kuwa jambo hilo lilipewa beti tatu nzima, ilhali sala ya alfajiri ilipewa moja. Nyumba tuliyokulia ilikuwa na vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, korido katikati, ua nyuma wenye jiko na choo na bomba la maji, na katika kila chumba watu wa nyumba nzima: fundi cherehani na mkewe, mama lishe na wanawe, utingo, mjane, na sisi. Mchana milango yote ilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na mlango ulikuwa ni pazia. Pazia halibishwi! Kitambaa hakina ubao wa kugongwa, na kwa hiyo kitu pekee kilichosimama baina ya siri ya jirani na macho yako kilikuwa sauti yako mwenyewe, na subira yako baada ya sauti hiyo. Shangazi aliandika kuwa hodi ni tatu. Kwamba ukiita usimame bega kwa mlango na uso uelekee korido, ili upepo ukilipeperusha pazia usione usichokaribishwa kukiona. Na kwamba usipoitikiwa mara ya tatu uondoke pasipo kinyongo, kwa kuwa mwenye chumba hana deni kwako.

Alitufunza kwa vitendo vilevile alivyoandika. Jioni baada ya magharibi alitutoa barazani mmoja mmoja, turudi ndani kwa hodi, naye akiwa nyuma ya pazia akikaa kimya makusudi, apate kuona nani ataondoka kwa utuvu na nani atachungulia. Aliyechungulia hakupigwa, alirudishwa barazani. Hivyo familia sita ziliishi chini ya paa moja miaka na miaka, na siri ya chumba haikuvuka korido. Wasanifu wa majengo hawakuiweka staha hiyo katika kuta zetu nyembamba. Iliwekwa na wanawake wa namna ya shangazi, kwa beti.

Leo nasaha zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote, na hilo ndilo linalonitia huzuni. Kidole gumba hupeleka wasia mmoja kwa watu mia kwa mara moja, na yule aliyeupeleka hakuutunga, wala hakuusoma hata mwisho. Katika sherehe za jikoni, kungwi hukodiwa pamoja na viti na maturubai, akashika kipaza sauti, akamfunda mbele ya umati binti ambaye jina lake amelisoma kwenye kadi jioni ile ile. Zamani somo alikuwa mtu aliyekwisha kumwona binti akilia na akicheka kwa miaka. Hakuhitaji kipaza sauti, kwa kuwa alisema sikioni. Wazazi nasi tumejiuzulu. Tunalipa ada, tunanunua sare, tunaacha maneno ya ndani yasemwe na wageni, kisha tunalalamika kuwa vijana hawana adabu, kana kwamba adabu huota yenyewe kama magugu ya bondeni.

Basi, msomaji, ikiwa katika sanduku la bibi yako limo daftari la namna hii, usilitupe kwa sababu huwezi kuzisoma herufi zake. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu kule Mlimani, mwendo mfupi wa daladala kutoka Manzese, zimehifadhiwa hati nyingi za Kiswahili na Kiarabu ambazo J. W. T. Allen alizikusanya nyumba kwa nyumba katika pwani hii, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Lako nalo lina haki ya kutunzwa na kusomwa. Lipeleke kwanza kwa fundi likashonwe. Kisha nunua daftari jipya, uandike jina la mwanao juu ya ukurasa wa kwanza, umwandikie unayoyajua, kwa mkono wako, ukiwa bado hai.