Ndege ndogo iliyobeba sauti juu ya Nyandarua

Simama uwanjani Ruring'u alfajiri, kabla mawingu hayajashuka. Mashariki kuna Mlima Kenya, magharibi safu ya Nyandarua. Uwanja huu unakumbukwa kwa Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau walipotoka msituni. Mimi nilikuja na swali la kifundi: miaka kumi kabla ya siku hiyo, rubani wa serikali ya kikoloni aliyezunguka juu ya msitu ule alizungumzaje na askari aliye chini ya miti?

Kwa taabu. Redio za ndege za kivita wakati huo zilitumia mawimbi ya VHF, zaidi ya megahezi 100, ambayo husafiri takriban kama mwanga wa tochi: pasipoonekana, hayafiki. Kwenye tambarare, ndege iliyo mita 300 juu ya ardhi husikika umbali wa kilomita 70 hivi. Lakini Nyandarua ni mabonde na matuta, na kilele chake, Satima, kina mita 4,001. Rubani akishuka bondeni kuufuata mto, tuta moja tu linamkata na uwanja wake wa Mweiga.

Askari wa doria naye alikuwa na shida zake. Redio za mgongoni za askari wa miguu kwa kawaida zilikuwa za mawimbi mengine, chini ya megahezi 50, kwa hiyo yeye na rubani wa kivita walikuwa kama majirani wasiojua lugha moja. Juu yake palikuwa na mianzi iliyolowa, na majani mabichi humeza mawimbi.

Daraja la kuunganisha wawili hawa likawa Piper Pacer, kindege cha kikosi cha anga cha polisi wa akiba. Kilipanda juu ya tuta, kikasikiliza doria, kikapokeza habari kituoni, na mara nyingine kikadondosha chakula. Kamanda wa kikosi hicho, Punch Bearcroft, alikuwa na mkono mmoja. Nimejaribu kuwazia usukani, ramani na kipaza sauti vikigombania mkono huo, nikashindwa.

Shambulio lilipohitajika ziliitwa Harvard za RAF, ndege za mafunzo zilizofungwa bunduki na mabomu ya kilo 9. Kusoma namba za ramani redioni hakukutosha, kwa sababu kutoka juu bonde hili linafanana na lile. Pacer ilitupa guruneti la moshi, kisha rubani wake akaeleza kwa mdomo: kushoto kwa moshi, ng'ambo ya kijito. Marubani wawili wakibonyeza kitufe cha kusemea kwa pamoja, waliobaki husikia mluzi tu. Na moshi wenyewe huchelewa kupenya majani. Ukitokeza, upepo umeshausogeza.

Linganisha na Uingereza: mwaka 1940 waongozaji wa ndege za vita walikuwa na rada ya kuwaonyesha adui. Hata hivyo, ili kituo kijue ndege zake ziko wapi, redio ya rubani ilitoa ishara kwa sekunde 14 za kila dakika, na katika sekunde hizo hakuweza kusema. Nyandarua hapakuwa na cha kuonwa na rada. Kilichobaki ni jicho la rubani wa Pacer.

Ndiyo maana siwezi kuzisifu Lincoln, ndege za mabomu zilizoanza kuruka kutoka Eastleigh Novemba 1953. Zilikuwa na injini nne na mabomu makubwa, lakini kwa kazi hii zilikuwa viziwi. Ilibidi doria iondolewe mapema kwenye eneo la kulipuliwa, na adui naye angeweza kuiona ikiondoka.

Walio msituni waliandikiana barua. Ndani ya Nyandarua kuna mti wa mugumo ambao wageni huonyeshwa hadi leo kama posta ya Kimathi, kiongozi wao: barua ziliachwa mtini, mjumbe akazichukua kwa miguu. Zilikawia, lakini hakuna redio ambayo ingezinasa. Na ngurumo ya Harvard iliwafikia ikiwa bado mbali, bila kuhitaji mtambo wowote.