Umbopa Watatu

Mwaka 1950 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu ya King Solomon's Mines, na katika orodha ya washiriki, nyuma ya Deborah Kerr na Stewart Granger, likatokea jina moja tupu: Siriaque. Ndiye aliyecheza Umbopa, mtu mrefu anayejiunga na msafara wa Wazungu bila kueleza shida yake, na mwishoni akabainika kuwa mwami, yaani mfalme, halali aliyenyang'anywa kiti. Picha za nchi yake zilipigwa Astrida, mji unaoitwa leo Huye, ambao zama hizo ulikuwa ndani ya Ruanda-Urundi, eneo lilelile lililotawaliwa na Wabelgiji na lililozijumuisha Gitega na Muyinga. Filamu hiyo ilipata Oscar ya upigaji picha, akapewa Robert Surtees, na ya uhariri, wakapewa Ralph Winters na Conrad Nervig. Kwa sifa hizo ni rahisi kudhani kwamba Siriaque alisimama tu, kamera na mkasi vikamaliza kazi. Sikubaliani. Umbopa amechezwa katika filamu tatu za zama zile, kila mara kwa mbinu tofauti, na ukizilinganisha unaona wazi kipi kilitoka kwa mafundi na kipi kilitoka kwa mwigizaji.

Wa kwanza alikuwa Paul Robeson, katika filamu ya Kiingereza ya 1937 iliyoongozwa na Robert Stevenson. Silaha yake ilikuwa sauti. Robeson alikuwa mwimbaji mashuhuri duniani, kwa hiyo Umbopa wake anaimba, anazungumza Kiingereza kizuri, na kila anapofungua kinywa anawafunika wenzake. Picha za Afrika zilipigwa na kikosi kingine, naye akacheza mbele ya mapambo ya studio. Mtindo huo haukuwa mpya kwake: katika Sanders of the River ya 1935 aliwahi kucheza chifu kwa namna hiyohiyo. Tatizo la mbinu hii ni la kisimulizi. Hadithi inataka tusimjue Umbopa ni nani hadi mwisho, lakini sauti ya Robeson inamtawaza tangu wimbo wa kwanza. Siri imekwisha, na zaidi ya nusu ya filamu bado iko mbele.

Waongozaji wa 1950, Compton Bennett na Andrew Marton, walilazimika kwenda njia nyingine. Umbopa wao hakuwa na hotuba za Kiingereza. Kiongozi wa msafara, Quatermain, anayechezwa na Granger, ndiye anayemsemea kwa Wazungu wenzake. Filamu haikutungiwa muziki wa okestra wa kumwelekeza mtazamaji ahisi nini; kilichobaki ni ngoma, nyimbo na sauti za pori. Kamera ya Technicolor ya wakati ule, yenye kupitisha filamu tatu kwa pamoja, ilikuwa nzito kama sanduku la chuma na ilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo haikuwa rahisi kumfuata mtu nayo porini. Mwigizaji alipaswa kuingia ndani ya fremu, kusimama panapotakiwa, kutulia, na kutoka. Siriaque alibakiwa na urefu, mwendo na ukimya. Kwa vitu hivyo vitatu alitakiwa abebe siri filamu nzima, aonekane mchukuzi wa ajabu kidogo na bado atuachie nafasi ya kukubali baadaye kwamba alikuwa mwami tangu mwanzo. Anafaulu kwa sababu habadiliki. Anavyotembea akiwa hana cheo ndivyo anavyotembea akidai kiti. Mwigizaji mwenye pupa angeongeza kitu hapo, jicho kali au kidevu kilichoinuliwa, na angeharibu.

Kuna pingamizi la kitaalamu, na ni zito. Mrusi Lev Kuleshov alionyesha zamani kwamba uso uleule usio na hisia, ukiunganishwa na sahani ya supu au jeneza, mtazamaji huuona una njaa au huzuni. Huenda basi heshima tunayoiona kwa Siriaque ni kazi ya Winters na Nervig. Jibu liko katika filamu ya tatu. Mwaka 1959 MGM ilitoa Watusi, iliyoongozwa na Kurt Neumann, ikichota kwa wingi kwenye akiba ya picha za Afrika za 1950. Umbopa safari hii alikuwa Rex Ingram, Mmarekani mweusi mwenye uzoefu mkubwa, jini wa The Thief of Bagdad ya 1940. Akiba ni ileile, mkasi upo, na mwigizaji ni bingwa wa taaluma. Hata hivyo mshono unaonekana kila picha ya karibu ya studio inapokutana na ya mbali ya Astrida. Uhariri unaweza kuuazima uso mawazo. Mwendo hauazimishiki, kwa kuwa mtazamaji anauona wote, mguu kwa mguu, ndani ya picha moja isiyokatwa.

Na mwendo hufundishwa. Ikulu ya Rwanda ilikuwa na intore, vijana waliofunzwa kucheza, kuruka, kushika silaha na kujiheshimu mbele ya macho ya watu. Kwetu Burundi, wapiga ngoma wa Gishora, jirani na Gitega, huingia uwanjani ngoma ikiwa kichwani, mikono ikipiga na shingo imetulia. Anayesema kwamba watu wa jamii hizi mbele ya kamera walikuwa wakiishi tu maisha yao ya kila siku anachanganya sanaa asiyoijua na kukosekana kwa sanaa. Waongozaji wenyewe hawakuyachanganya mambo hayo. Katika riwaya ya Rider Haggard ya 1885, iliyozaa filamu hiyo, anayepigana mwishoni na Twala, mfalme aliyekinyang'anya kiti, ni Mwingereza, Sir Henry Curtis. Katika filamu ya 1950 pambano hilo wamepewa Siriaque na Baziga, aliyecheza Twala, na Wazungu wamebaki watazamaji. Hata Gagool, bibi kizee wa Haggard, amegeuzwa mwanamume ili achezwe na Sekaryongo. Studio haikabidhi kilele cha filamu ghali kwa mapambo, wala haipindui riwaya maarufu kwa ajili ya watu inaowaona hawawezi.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na hapa Burundi hakuna haki ya kulipuuza. Filamu hii iliuza hekaya ya "Watusi majitu", ndugu wa ile nadharia ya kikoloni iliyowapanga watu kwa urefu na pua, na tunajua ilikotufikisha. Ni kweli, na kumsifu Siriaque hakuifuti. Lakini hekaya hiyo ilijengwa kwa hatua zinazoweza kuonyeshwa kwa kidole: nani alichaguliwa kati ya umati na nani aliachwa, nani alisimamishwa kando ya Granger ili urefu wake usomeke, kamera iliwekwa wapi. Mtazamaji anayeona chaguo hizo hadanganyiki tena kwamba anatazama maumbile ya taifa zima. Anayesema Siriaque hakuigiza ndiye anayeilinda hekaya, maana anakubali kwamba alichoonyeshwa ni ukweli mtupu wa kabila.

Linabaki suala la jina. Sekaryongo na Baziga waliandikwa kwa majina ya Kinyarwanda bila ya ubatizo. Siriaque kwa la ubatizo peke yake, Cyriaque lililoendelezwa kama lilivyosikika. Msomaji yeyote wa Gitega anajua kwamba mtu huyo alikuwa na jina la pili, lile ambalo wazee wake walimpa. Granger alikuwa na mkataba, na jina lake likamletea filamu nyingine. Siriaque hakuachiwa hata njia ya kutafutwa na mwongozaji mwingine, huku picha za filamu yake zikiendelea kutumiwa na MGM hadi Trader Horn ya 1973.