Kukopa au Kupora? Maneno ya Kihindi ndani ya Kiingereza

Sisi wanafunzi wa isimu na fasihi tumeizoea sentensi moja: "Lugha hukua kwa kukopa." Tunaiandika kwenye mtihani, tunapata maksi, yamekwisha. Kwa maoni yangu, mhakiki wa fasihi hawezi kuishia hapo. Katika makala haya nitatumia maneno ambayo Kiingereza kiliyatwaa kutoka lugha za India ili kuonyesha kwa nini.

Hebu tuanze na kamusi. Mwaka 1886 ilichapishwa London kamusi maarufu ya maneno hayo, Hobson-Jobson, kazi ya Henry Yule, mwanajeshi mhandisi, na A. C. Burnell, hakimu wa kusini mwa India aliyefariki 1882 kabla kitabu hakijatoka. Jina hilo limetoka wapi? Askari wa Kiingereza waliwasikia Waislamu wa India wakiomboleza mwezi wa Muharamu: "Ya Hasan! Ya Husein!" Masikioni mwao kilio cha wajukuu wa Mtume kikawa "hobson-jobson", kama majina ya mabwana wawili wa vichekesho. Na ndilo jina lililobandikwa jaladani! Msomaji ameshaambiwa, kabla hajafungua ukurasa, ni sikio la nani linalosikiliza.

Tunafundishwa pia kwamba lugha hukopa ili kuziba pengo. Haya, tulijaribu dai hilo kwa neno "loot". Kwa Kihindi lut ni uporaji. Je, Kiingereza kilikosa neno la kupora? Hata kidogo. Kilikuwa na "plunder", kilikuwa na "pillage". Hata hivyo "loot" likaingia, katika zama zile ambazo Kampuni ya Mashariki ya India, baada ya vita vya Plassey vya 1757, ilikuwa ikizikomba hazina za Bengal. Hapakuwa na pengo lolote. Palikuwa na mzigo, na neno likasafiri pamoja na mzigo.

"Jungle" nalo lina kisa chake. Katika Kisanskriti asili yake ilitaja ardhi kame yenye vichaka. Katika Kihindi jangal ikawa pori au msitu. Kiingereza kikalifanya msitu mnene, wenye giza na wanyama wakali. Rudyard Kipling alipotoa The Jungle Book mwaka 1894, maana hiyo ilikuwa imeshaota mizizi, na baadaye waandishi wengine wakaibeba hadi kwetu Afrika, hata penye nyika tupu. Neno lililotoka kwenye ukame likatuvika sisi giza.

Lakini nisije nikageuza hoja kuwa kauli mbiu. Upo mfano unaonibishia, nao ni "shampoo". Asili yake ni champo, yaani "kanda!", amri ya kumtaka mtu akukande mwili. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua bafu la mvuke na ukandaji mjini Brighton, akaandika kitabu juu ya tiba hiyo mwaka 1822, na Waingereza wakamlipa. Hapa hakuna aliyeporwa: mwenye neno alilipeleka sokoni mwenyewe. Kuosha nywele ni maana iliyokuja baadaye.

Kwa hiyo swali la mhakiki si "neno limetoka lugha gani?" tu. Ni "nani analisema, na anamwambia nani?" Neno "coolie" linatupa jibu zuri kuliko yote. Wataalamu wengi hulihusisha na Kitamil, ambamo kuli ni ujira. Kinywani mwa mkoloni, ujira wa mtu ukageuka kuwa ndiyo jina lake, kisha ukawa tusi. Mwaka 1936 Mulk Raj Anand, mwandishi wa Kihindi aliyeandika kwa Kiingereza, akaliweka neno hilo juu ya riwaya yake, Coolie. Ndani yake tunakutana na Munoo, mvulana mwenye jina, njaa na ndoto, anayekufa kwa kifua kikuu baada ya kuvuta riksho kule Simla. Anand hakulikwepa tusi, alilijaza mtu. Kwangu mimi huo ndio ushindi wa kifani wa riwaya ile, na hautaonekana kwa msomaji anayeridhika na "neno la mkopo."

Mtaniambia: mbona Kiswahili nacho kimechukua huko huko? Ni kweli. Gari, bima, hundi na laki tumeyapata kwa Wahindi, mengi yakinukia duka na daftari la madeni. Tena sisi si malaika. Kuli tunalo, na bandarini Mombasa na Dar es Salaam tumewaita hivyo wabeba mizigo bila kuuliza mtu huyo nyumbani kwao anaitwa nani.

Basi, wenzangu, tukikutana na mhusika anayeitwa "kuli" katika riwaya zetu, tusikimbilie kuandika pembeni "neno la Kihindi" na kufunua ukurasa. Tuangalie kama mwandishi amempa jina. Kama hakumpa, uhakiki wetu uanzie hapo.