Saini Zilivyozaa Kura New Zealand, 1893

Tarehe 19 Septemba 1893, New Zealand ikawa nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote wazima haki ya kuchagua wabunge. Wanaosimulia ushindi huo hupenda kuanza na ombi lenye saini ambalo mbunge John Hall alilikunjua katikati ya ukumbi wa Bunge: karatasi zaidi ya 500 zilizogundishwa ncha kwa ncha, urefu wake ukipita mita 270. Lilikuwa tukio la kutikisa, lakini urefu wa karatasi haukuwa siri ya ushindi. Siri ilikuwa namna saini zilivyokusanywa, kwa sababu kazi hiyo iliunda mtandao wa wanawake ambao Bunge halikuweza kuupuuza.

Mtandao wenyewe ulitokana na umoja wa wanawake Wakristo waliopinga ulevi, ulioanzishwa nchini humo mwaka 1885. Miaka miwili baadaye Kate Sheppard wa Christchurch alikabidhiwa dawati la haki ya kura, naye akaligeuza kuwa makao makuu ya kampeni. Fomu zilitumwa kila pembe ya nchi, wanawake wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, kisha fomu zilizojazwa zikarudi kwake. Mwaka 1891 zilipatikana saini zaidi ya 9,000. Mwaka uliofuata karibu 20,000. Na mwaka 1893, maombi yote yalipojumlishwa, karibu 32,000, takriban robo ya wanawake wazima wenye asili ya Ulaya. Hapo ndipo ninapoona ustadi. Kila muswada wa kuwapa wanawake kura ulipokwama bungeni, wanawake walirudi milango ileile na mingine mipya, na hoja kwamba wanawake wenyewe hawaitaki kura ikazidi kukosa miguu. Wapinzani walijaribu kuiga. Mbunge Henry Fish aliajiri watu wakusanye saini za kupinga, hata kwenye vilabu vya pombe, lakini ilipobainika kwamba baadhi zilikuwa za uongo au za hila, mbinu hiyo ikamgeukia.

Wapo wasemao sheria ilipita kwa bahati tu, na ushahidi wao si haba. Waziri Mkuu Richard Seddon alituma telegramu kumshawishi mjumbe mmoja wa Baraza la Juu abadili kura yake. Wajumbe wawili waliokuwa wakipinga muswada wakachukizwa na uingiliaji huo, wakauunga mkono, nao ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18. Nakubali kwamba hasira ya wawili hao ndiyo iliyoamua siku ile. Lakini hasira ya watu wawili ina nguvu pale tu mizani inapokaribia kulingana, na mizani hiyo ilikuwa imesogezwa na miaka ya kubisha hodi. Isitoshe, bahati ya Barazani haiwezi kueleza kilichofuata. Uchaguzi ulikuwa tarehe 28 Novemba, wiki kumi tu baada ya tarehe 19 Septemba, na katika muda huo mfupi wanawake 109,461 waliandikishwa kwenye daftari la wapiga kura, yapata asilimia 84 ya waliostahili. Siku ya kura walijitokeza 90,290. Kati ya wanaume walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 70. Kati ya wanawake, asilimia 82. Umati wa namna hiyo haujitokezi kwa sababu gazeti limetangaza sheria mpya. Ni watu waliokwisha kuelezwa na jirani yao, mlangoni, kura ni ya nini.

Haki hiyo iliwahusu pia wanawake wa Kimaori, ambao nao walikuwa na madai yao: mwaka huohuo Meri Te Tai Mangakāhia alilitaka Bunge la Wamaori, tofauti na Bunge la nchi, liwaruhusu wanawake kupiga kura na kuketi humo kama wajumbe. Hatua ya pili, ya kuketi bungeni, ndiyo sheria ya 1893 iliyoiacha nje. Ni mwaka 1919 tu ndipo wanawake wa New Zealand waliporuhusiwa kugombea ubunge, na wa kwanza kuchaguliwa, Elizabeth McCombs, aliingia bungeni mwaka 1933.